Mpangaji Hayumo Kwenye Daftari

Barabara ya Ngong inapotoka katikati ya Nairobi kuelekea magharibi, huacha Kibera upande wa kushoto na Kawangware upande wa kulia. Anayejua njia za mkato hutembea kutoka mtaa mmoja hadi mwingine kwa saa moja hivi. Machoni pa mgeni mitaa hii inafanana: mabati yenye kutu, vichochoro, mama mboga, mitungi ya maji, vijana wa boda wakingoja abiria. Lakini chini ya mabati hayo ardhi ina historia mbili. Kibera imejengwa juu ya ardhi ya serikali. Kawangware imejengwa juu ya mashamba ya watu binafsi wenye hati miliki, ambazo mizizi yake ni ya kabla ya uhuru.

Kwa sababu hiyo mitaa hii ni mahali pazuri pa kuwapima wanamageuzi wa Kenya, wa kikoloni na wa baada ya uhuru. Kwa miaka sabini wamegawanyika katika kambi mbili. Wapo walioamini kwamba umaskini utaisha mtu akipewa hati ya ardhi yake. Wapo walioamini kwamba serikali ndiyo ishike ardhi na kuitumia kwa faida ya wote. Kawangware ilipata mageuzi ya kambi ya kwanza, na Kibera ikaachwa mikononi mwa serikali. Benki ya Dunia ilipochunguza mitaa ya mabanda ya Nairobi mwaka 2004, ilikuta kwamba takriban kaya 92 katika kila 100 zilikuwa za wapangaji. Mpangaji huyo ndiye ninayemfuata hapa, kwa kuwa naamini historia ya mageuzi yetu ina pengo mahali alipopaswa kuwa.

Kibera ilianza na askari. Kuanzia mwaka 1904 Waingereza waliwaweka askari Wanubi wa King's African Rifles katika msitu uliokuwa kusini-magharibi mwa mji mchanga wa Nairobi. Asili yao ilikuwa Sudan. Wengi walitokana na jeshi la Emin Pasha, wakapitia Uganda, wakapigana vita vya Waingereza kote Afrika Mashariki. Walipostaafu hawakupewa pensheni ya maana. Walipewa ruhusa ya kujenga, kulima na kufuga. Mwaka 1918 eneo hilo, ambalo wao waliliita Kibra, lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi yenye ekari 4,197. Mwaka 1928 jeshi lilikabidhi usimamizi kwa mkuu wa wilaya wa Nairobi, na hapo swali likazuka: hawa watu wanakaa hapa kwa haki gani? Tume ya ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, iliyofanya kazi kati ya 1932 na 1934, ilijibu kwamba Wanubi walikuwa wapangaji wa Mfalme wa Uingereza, wanaoishi pale kwa hiari yake.

Jibu hilo lilikaa muda mrefu kuliko ufalme wenyewe nchini Kenya. Wanubi walijenga nyumba za udongo zenye vyumba kadhaa, wakaanza kupangisha wafanyakazi waliokuja mjini. Serikali ya kikoloni ilitamani kuwahamisha, ikashindwa kwa sababu kuwahamisha kulidai mahali pengine pa kuwapeleka na fedha za fidia. Ilichoweza ni kumega ardhi yao. Woodley ilijengwa juu ya ardhi hiyo, na baada ya uhuru zikafuata Jamhuri, Ayany, Olympic na mitaa mingine ya nyumba za mawe. Mtaa wa mabanda tunaouita Kibera leo ni kilomita za mraba mbili na nusu hivi, mabaki ya zile ekari 4,197.

Upande wa pili wa Barabara ya Ngong mambo yalikwenda kwa kalamu na kamba ya kupimia. Kawangware, Riruta na Dagoretti zilikuwa ndani ya eneo walilotengewa Wakikuyu katika wilaya ya Kiambu. Ardhi ilikuwa ya mbari, yaani ukoo wa mtu aliyeifyeka kwanza, na ndani yake waliishi watu wa aina mbili: wana wa mbari wenyewe, na ahoi. Ahoi walikuwa wageni waliokaribishwa kulima. Hawakulipa kodi ya fedha. Walileta pombe, walisaidia kazi, wengine walioa katika ukoo, na maadamu uhusiano ulikuwa mwema hakuna aliyewafukuza. Haki yao ilikuwa hai ingawa haikuandikwa popote.

Roger Swynnerton alikuwa afisa wa kilimo. Mpango wake, uliokamilika Desemba 1953 na kuchapishwa 1954, uliungwa mkono na serikali ya Uingereza kwa pauni milioni 5. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952, na watawala walishawishika kwamba Mau Mau ilikuwa ikilishwa na njaa ya ardhi na mashamba ya vipande vilivyotawanyika. Swynnerton alipendekeza kila mwenye vipande avikusanye mahali pamoja, shamba lipimwe, liandikwe kwa jina la mtu mmoja, apewe hati, aruhusiwe kupanda kahawa na mazao mengine ya biashara ambayo Waafrika wengi walikuwa wamezuiwa, na aweze kuchukua mkopo kwa hati hiyo. Kiuchumi yalikuwa mageuzi makubwa, na lazima tukubali kwamba yalizaa matunda: mapato ya mkulima Mwafrika wa Mkoa wa Kati yalipanda kwa kasi katika miaka iliyofuata.

Lakini tazama wakati wenyewe. Wanaume wengi wa Kiambu walikuwa kizuizini, Manyani, Mwea na kwingineko. Operesheni ya Aprili 1954 ilikuwa imewasomba Wakikuyu kwa maelfu kutoka Nairobi. Kamati za wazee waliokaa kuamua nani ana haki gani zilijaa machifu na homugadi, yaani Waafrika waliopigana upande wa serikali, na aliyekuwa kizuizini hakuwepo kujitetea. Alipotoka alikuta mpaka umeshachorwa. Na kwa muhoi, mmoja wa wale ahoi, hata kuwepo kusingemsaidia sana, kwa sababu daftari la usajili lilikuwa na nafasi ya jina la mwenyewe tu. Haki ya kulima kwa urafiki, kwa ndoa au kwa kukaribishwa haikuwa na mahali pa kuandikwa, kwa hiyo kisheria ilikufa siku hati ilipotolewa. Swynnerton alisema waziwazi katika mpango wake kwamba watatokea wenye ardhi na wasio na ardhi, na kwamba hiyo ni hatua ya kawaida katika maendeleo ya nchi. Alijua alichokuwa akifanya. Nampa heshima ya kusema hivyo, kwa kuwa waliokuja baada yake walifanya yaleyale bila kuyasema.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipanuliwa na Dagoretti ikaingizwa ndani ya jiji. Ghafla mwenye ekari tatu za mahindi pale Kawangware akawa na ekari tatu za jiji. Vizuizi vya kikoloni vya Waafrika kuingia mjini vilikuwa vimeondolewa, na watu walikuja: sensa ya 1969 ilihesabu wakazi wa Nairobi 509,000 na ushei, ile ya 1979 karibu 828,000. Walihitaji kulala mahali wanapoweza kufika kazini kwa miguu, katika nyumba za matajiri wa Lavington na Kileleshwa, au kwenye mijengo. Mwenye shamba akang'oa mahindi, akajenga safu ya vyumba vya mbao na mabati kuzunguka ua mmoja wenye choo kimoja na bomba moja. Hiyo ndiyo ploti ya Kawangware. Wengi waliopanga humo walitoka magharibi mwa Kenya, na wengine walikuwa jamaa za wale ambao daftari la Kiambu liliwaacha nje.

Wakati huohuo wanasiasa walikuwa wakibishana kuhusu njia ya nchi nzima. Mwaka 1965 Tom Mboya, waziri wa mipango, alifikisha bungeni Waraka Namba 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Jina lilikuwa la ujamaa. Yaliyomo yalilinda mali binafsi, yalikaribisha mtaji wa kigeni, na yaliamua kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza katika maeneo yenye uwezo wa kuzalisha haraka. Mboya hakuwa mtu wa hila. Aliamini kwamba nchi maskini haina cha kugawana, hivyo ikuze pato kwanza. Bildad Kaggia alisimama upande wa pili. Alikuwa miongoni mwa waliofungwa pamoja na Jomo Kenyatta huko Kapenguria, na baada ya uhuru alipoteza unaibu waziri mwaka 1964 kwa kutetea wasio na ardhi na wale walionyang'anywa wakiwa kizuizini. Mwaka 1965 Kenyatta alimsuta mbele ya umati kwa kumlinganisha na wafungwa wenzake waliokwisha kujipatia mashamba na biashara, akimuuliza yeye amejifanyia nini. Kwangu swali hilo linaeleza siasa za Kenya ya wakati ule kuliko waraka wowote. Kiongozi aliyetoka jela maskini na akabaki maskini alionyeshwa kama mjinga.

Sauti nyingine ya mwaka huo haikusikilizwa sana wakati wake. Barack Obama, mwanauchumi aliyetoka Nyanza na baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliandika makala Julai 1965 akiukosoa waraka wa Mboya. Alihoji kwa nini serikali iharakishe hati za mtu mmoja mmoja bila kutazama kwanza njia za ushirika na desturi za watu wenyewe. Hata hivyo, Obama na Kaggia waliwazungumzia wakulima. Mpangaji wa chumba cha mjini hakuonekana bado, hata machoni mwa wakosoaji.

Mboya aliuawa kwa risasi Julai 5, 1969. Miaka miwili baadaye tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilitoa mapendekezo kuhusu utumishi wa umma, na moja lilikuwa kwamba watumishi wa serikali waruhusiwe kufanya biashara na kumiliki mali. Lilionekana dogo, jambo la kanuni za ofisi tu. Huko Kibera lilibadili kila kitu. Ardhi ile haikuwa na hati, kwa hiyo aliyeweza kutoa ruhusa ya kujenga alikuwa chifu na maafisa wa utawala walio juu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Halmashauri ya Jiji ilikuwa ikibomoa vibanda kwingineko, na waliofukuzwa walitafuta pa kwenda. Kuanzia katikati ya muongo huo vibali vya mdomo vilianza kutolewa kwa wingi, vingi kwa watumishi wa umma na watu wenye jamaa serikalini. Wachunguzi waliofika Kibera katika miaka iliyofuata walikuta kwamba wenye nyumba wengi hawakuwa wakazi wa Kibera.

Hesabu ya biashara hiyo inaeleza sura ya mtaa. Chumba cha futi kumi kwa kumi, kuta za fito na udongo, paa la mabati, hakigharimu sana. Kodi hurudisha gharama hiyo kwa mwaka mmoja au miwili. Baada ya hapo ni faida tupu, lakini faida isiyo na uhakika, kwa kuwa kesho tingatinga laweza kuja na mwenye nyumba hana karatasi ya kuonyesha mahakamani. Mtu wa namna hiyo hajengi kwa mawe. Hachimbi choo cha kudumu. Anakusanya kodi haraka iwezekanavyo. Kawangware, mwenye hati aliweza kwenda benki, akavunja mabati, akainua ghorofa. Ghorofa ina maji na stima ya mita, na kodi yake ni mara kadhaa ya ile ya chumba cha mabati, kwa hiyo aliyekuwa akilala katika mabati husogea mbele kutafuta mabati mengine katika vijiji jirani vya Gatina au Congo. Kibera mpangaji alibaki karibu na kazi lakini bila choo; Kawangware choo kilikuja naye akaondoka.

Hali hii haikutukuta sisi peke yetu. Uchina ina kumbukumbu ndefu kuliko nchi nyingi ya watawala waliojaribu kurekebisha ardhi, na baadhi yake inalingana nasi kwa namna ya kushangaza. Wang Mang, aliyejitwalia ufalme mwaka 9 baada ya Kristo, alitangaza kwamba ardhi yote ni ya mfalme na haiuzwi wala hainunuliwi. Waliotakiwa kutekeleza amri hiyo walikuwa maafisa na koo zenye mashamba makubwa, na mwaka 12 aliifuta. Karne nyingi baadaye, mageuzi ya Deng Xiaoping yaliyoanza 1978 yaliacha ardhi ya miji kuwa ya dola lakini yakaruhusu haki ya kuitumia iuzwe. Desemba 1987 Shenzhen ilifanya mnada wa kwanza. Jiji hilo lilipovimeza vijiji vya pembezoni, wanakijiji walijenga majengo marefu yaliyobanana, wakapangisha vyumba kwa mamilioni ya wafanyakazi wahamiaji waliotoka mikoani. Mkazi wa Kawangware akipelekwa katika vijiji hivyo vya ndani ya jiji ataelewa mara moja nani ni nani.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Taiwan. Mwaka 1949 Chen Cheng, gavana wa kisiwa hicho, aliamuru kodi ya shamba isizidi asilimia 37.5 ya zao kuu, wakati wapangaji wengi walikuwa wakitoa nusu au zaidi. Mikataba iliandikwa upya na kusajiliwa, kamati zikaundwa wilayani, na mwaka 1951 amri ikawa sheria kamili. Mwaka 1953 mashamba ya ziada yalinunuliwa na serikali na kuuzwa kwa waliokuwa wakiyalima. Wenye mashamba walilipwa kwa hati za dhamana na kwa hisa za kampuni za serikali. Tusimpambe Chen Cheng: serikali yake ilikuwa ya kijeshi, na iliwaua wapinzani. Ila mambo mawili yaliwezesha mageuzi yale. Mpangaji aliandikwa kwenye daftari kabla ya jambo lingine lolote. Na waliotoa amri walikuwa wametoka bara, hawakuwa na mashamba kisiwani.

Sasa weka hilo kando ya yaliyotokea Kibera mwishoni mwa 2001. Rais Daniel arap Moi alizuru mtaa akiwa na Raila Odinga, mbunge wa Lang'ata ambaye mwaka huo alikuwa ameingia serikalini kama waziri wa nishati. Moi alisema kodi ni za juu mno na zipunguzwe. Wapangaji, wengi wao Waluo na Waluhya, walilichukua neno la rais kuwa sheria, wakakataa kulipa kiasi cha zamani. Wenye nyumba, wengi wa waliokuwa karibu wakiwa Wanubi, walikataa kushusha. Vita vikazuka vichochoroni, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, familia zikakimbilia viwanja vya wazi na mvua. Hapakuwa na mkataba hata mmoja ulioandikwa, wala kamati, wala kiwango. Lilikuwa neno la kiongozi mkutanoni, na waliolipia ni maskini wa pande zote mbili, huku wenye nyumba waliokaa mitaa ya mbali wakilala salama.

Serikali ya Mwai Kibaki iliingia na mpango wa kweli. Januari 2003 ilitia saini makubaliano na UN-Habitat, shirika lililoongozwa na Mtanzania Anna Tibaijuka, na mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda ukachagua Soweto Mashariki, Kibera, uwe mwanzo. Kwa mara ya kwanza wapangaji walihesabiwa nyumba kwa nyumba, wakapewa vitambulisho, wakachagua wawakilishi. Majengo ya muda yenye nyumba 600 yalijengwa Lang'ata, na Septemba 2009 familia za kwanza zilihamia huko, mbili au tatu zikigawana nyumba moja. Wenye mabanda walikwenda mahakamani kupinga. Waliohama walirudi Julai 2016, Rais Uhuru Kenyatta alipokabidhi nyumba 822: miaka 13 tangu makubaliano. Baadhi ya waliopata nyumba walipangisha vyumba vyao kwa watu wenye mshahara, wakarudi kwenye mabati wapate tofauti. Wapo wanaowalaumu. Mimi siwalaumu, mtu ambaye chakula cha kesho hakijulikani hutumia alichonacho.

Kati ya 2014 na 2015 vijana wa Kibera waliajiriwa na Huduma ya Vijana kwa Taifa kujenga vyoo, kufungua mitaro na njia, hadi kashfa ya shilingi milioni 791 ikauvuruga mpango. Vyoo kadhaa vilibaki.

Juni 2017 Wanubi walipewa hati ya jamii ya ekari 288, karibu karne moja baada ya hifadhi kutangazwa. Ilikuwa haki iliyochelewa mno. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za mtoto ilikuwa imeamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi kwa kuwanyima uraia kamili. Lakini juu ya ekari hizo wamejaa wapangaji wasio Wanubi, na hati haikusema lolote juu yao. Mwaka uliofuata, Julai 2018, tingatinga zilipita Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata, na maelfu ya watu wakaachwa wamesimama juu ya vifusi siku moja.

Na Kawangware? Mipango hii mikubwa iliipita kando. Serikali haiwezi kujenga juu ya shamba la mtu, wafadhili hupenda Kibera kwa sababu inajulikana duniani, na wenye hati hawaombi msaada. Mageuzi yake yaliisha siku Swynnerton alipomaliza kazi. Yaliyofuata ni soko.

Kenya ina sheria ya kumlinda mpangaji wa kipato cha chini tangu 1959. Inazuia kodi kupandishwa na mtu kufukuzwa bila idhini ya baraza la upangaji. Inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa mwaka 1981 na ambacho hakijaguswa tangu hapo. Mwaka ule shilingi 2,500 ilikuwa kodi ya nyumba nzuri. Leo chumba kimoja cha mawe Kawangware huizidi, kwa hiyo aliyekipanga yuko nje ya ulinzi. Chumba cha udongo Kibera bado huangukia ndani ya kiwango, lakini anayekaa humo hana risiti wala mkataba, hulipa mkononi kwa keateka, yaani msimamizi wa nyumba, na mara nyingi hamjui mwenye nyumba kwa jina la kuandika kwenye malalamiko.